Nyuzi 64, viini 32: tathmini ya haipathredi kutoka kwa msimamizi wa seva

Nianze na grafu ya matumizi ya CPU, maana ndiyo iliyonidanganya. Saa nane usiku simu inalia, kijana wa zamu yuko upande wa pili: "Mkuu, watu wanalalamika, ombi moja linachukua sekunde tatu. Lakini seva haijachoka. CPU iko asilimia 52." Nikafungua kompyuta shuka ikiwa bado mabegani. Kweli, 52, na mstari umetulia kama maji ya mtungini. Diski hazina neno, mtandao hauna neno, kumbukumbu imebaki tele. Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu mwenye usingizi: shida iko kwenye programu, waamshe walioiandika. Wakaamshwa. Hawakuona kitu. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba seva ilikuwa hoi tangu dakika ya kwanza, na kwamba ile 52 haikuwa nusu ya kitu chochote.

Seva zenyewe ni za kawaida: soketi mbili, viini 16 kila soketi, haipathredi (kiini kimoja kuonekana kama CPU mbili) imewashwa tangu zilipotoka kwenye boksi. Mfumo endeshi unahesabu CPU 64. Nyingi zinaendesha Linux, chache Windows. Ninachokitathmini hapa ni haipathredi peke yake. Feni na diski kila mtu anajua kuzilalamikia.

Unachouziwa ni hiki: kiini kimoja cha prosesa kinajitambulisha kwa mfumo endeshi kana kwamba ni CPU mbili. Hakuna kiini cha pili kilichofichwa mahali. Kilichoongezwa ni seti ya pili ya rejista (visanduku vidogo vya data) zinazoonekana na programu, pamoja na vitu vichache vya kukumbuka uzi wa pili, yaani mfululizo wa pili wa maagizo ya programu, umefika wapi. Vitengo vya kujumlisha na kuzidisha ni vilevile. Kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni ileile. Intel walipoileta sokoni mwaka 2002, kwanza kwenye Xeon, prosesa zao za seva, kisha kwenye Pentium 4 ya 3.06 GHz, wakaiita Hyper-Threading na kusema inaongeza chini ya asilimia 5 ya ukubwa wa chipu. Wazo halikuzaliwa kwao. Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wameliandika mwaka 1995, na leo AMD wanalo tangu Zen ya 2017, IBM nao wamefika hadi nyuzi nane kwa kiini kimoja kwenye POWER8.

Faida yake inatokana na jambo moja: kazi nyingi za seva ni kusubiri. Uzi unataka data ambayo haimo kwenye kache, ombi linakwenda hadi RAM, jibu linarudi baada ya nanosekunde 80 au 100 hivi. Kwa kiini kinachopiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, hayo ni mapigo 240 hadi 300 ya kukaa mikono mifukoni. Haipathredi inasema muda huo apewe mwingine. Jembe moja, wakulima wawili: huyu akisimama kufuta jasho, yule analima. Linakubali vizuri kabisa, mradi wote wawili wawe watu wa kusimama mara kwa mara. Ukileta wawili wasiojua kupumzika, umeleta mafahali wawili kwenye zizi moja.

Nimeyaona yote mawili. Kwenye seva za wavuti, ambako kila ombi ni kusoma hiki, kutafuta kile, kuruka huku na kule kwenye kumbukumbu, nilichukua mashine mbili zinazofanana kila kitu, nikazima haipathredi kwenye moja, nikazigawia maombi sawasawa na kuyaongeza kidogokidogo. Iliyowashwa ilibeba karibu robo zaidi kabla majibu hayajaanza kuchelewa. Robo ya bure, bila kununua chuma kingine! Kukompaili programu kubwa nako kulinufaika waziwazi, na hifadhidata yenye maswali mengi madogomadogo vilevile.

Kisha kuna mashine za hesabu. Hizi zinazidisha matriksi (majedwali ya namba) mchana kutwa, kwa programu iliyonolewa hadi vitengo vya hesabu havipati nafasi ya kupumua. Hapo haipathredi haikuongeza kitu, na kwa baadhi ya kazi ilipunguza. Sababu haihitaji uchawi. Kache ya ngazi ya kwanza ya data kwenye prosesa za mashine hizo ni KB 32 kwa kiini kizima. Uzi mmoja umepanga vipande vyake vya matriksi vikaenea humo sawasawa. Wa pili akiingia na vyake, kila mmoja anatupa nje vitu vya mwenzake na wote wawili wanarudi foleni ya RAM. Hata maktaba ya hesabu ya Intel wenyewe, MKL, kwa kawaida inafungua nyuzi kulingana na idadi ya viini halisi, haihesabu zile za haipathredi. Mwenye mali anapokunong'oneza hivyo, msikilize.

Na si kache tu. Ndani ya kiini kuna bafa (sehemu za kusubiria) ambazo hazigombaniwi, zinakatwa katikati. Chukua Skylake, kizazi kimoja cha prosesa za Intel. Bafa ya kupanga upya maagizo ina nafasi 224. Nyuzi mbili zikiwa kazini, kila mmoja anapata 112. Nafasi 72 za kusubiri kusoma kumbukumbu zinakuwa 36 kwa 36, na 56 za kuandika zinakuwa 28 kwa 28. Uzi mmoja ukilala, kiini kinaunganisha vipande na kumpa aliyebaki vyote. Ila "kulala" hapa kuna masharti yake, na hapo ndipo mfumo endeshi unapoingia. CPU isiyo na kazi lazima iambiwe kwa agizo maalum, HLT au MWAIT, kwamba sasa pumzika. Ikiachwa izunguke kitanzini ikiuliza "kuna kazi? kuna kazi?", inaendelea kushika nusu ya bafa za pacha wake bila kufanya lolote la maana. Niliwahi kukuta seva ambayo mtu, kwa nia njema ya kupunguza ucheleweshaji, ameandika idle=poll kwenye mstari wa kuwasha kaneli, moyo wa mfumo endeshi. Nusu ya mashine ilikuwa inakimbia bila kusogea.

Kufuli za kuzunguka nazo zina adabu yao: uzi unaosubiri kufuli unatakiwa kupiga agizo la PAUSE katikati ya mizunguko ili mwenzake apate nafasi. Zamani agizo hilo lilikuwa la mapigo kumi hivi. Kwenye Skylake likapanda hadi karibu 140, na programu zilizokuwa zimehesabu subira yao kwa idadi ya PAUSE zikajikuta zinasubiri mara kumi na kitu zaidi ya zilivyokusudia.

Turudi kwenye grafu. Mfumo endeshi unahesabu matumizi ya CPU kwa swali rahisi: katika CPU hizi 64, ngapi zilikuwa na kazi? Sasa fikiria nyuzi 32 zenye kazi, kila mmoja kwenye kiini chake. Grafu itasoma asilimia 50. Unasema bado nusu. Lakini viini vyote 32 tayari vina mtu. Kama haipathredi kwa kazi yako inaongeza robo, basi uwezo wa mashine nzima ni sawa na viini 40, si 64. Umeshatumia 32 kati ya 40. Hiyo ni asilimia 80, na grafu inakwambia 50. Kuanzia hapo kila asilimia inayopanda kwenye skrini inabeba robo tu ya kazi uliyozoea, na maombi yanaanza kupigana vikumbo. Usiku ule wa 52, ndugu zangu, hatukuwa na nusu iliyobaki. Tulikuwa na kabari ndogo, na foleni ilikuwa imeshaijaza.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na silielekezi kwa chuma. Mfumo endeshi unajua kabisa kwamba CPU hizi ni mapacha. Andika amri ya lscpu kwenye Linux utaona mstari unaosema nyuzi 2 kwa kila kiini. Mpangaji wa kazi wa Linux anatumia ujuzi huo kila mara: akipata kazi mpya hutafuta kwanza kiini kilicho tupu pande zote mbili, akikosa ndipo anaipachika kando ya mwingine. Lakini akija kukuonyesha asilimia, anasahau yote anayoyajua.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Windows 2000 haikuweza kutofautisha uzi na kiini. Kwake CPU ni CPU, hata kwenye kuhesabu leseni, kwa hiyo seva ya prosesa mbili ilionekana ina nne na kula nafasi za leseni. Kwa upande wa seva, Windows Server 2003 ndiyo iliyoanza kuhesabu prosesa za kushikika. Linux nayo ilisubiri kaneli ya 2.6 ipate mpangaji anayeelewa ngazi: uzi, kiini, soketi. Ushauri wa kale wa "zima haipathredi kwenye seva, inapunguza kasi" ulitokana na siku hizo, na kwa siku hizo ulikuwa wa haki. Bado unazunguka midomoni mwa watu leo kama dawa ya mzee isiyoulizwa inatibu nini.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe, maana tathmini isiyo na aibu ya mwandishi naona ni tangazo. Tulikuwa na hifadhidata niliyotaka isisumbuliwe na kazi ya chelezo (kunakili data kwa akiba) ya kila usiku. Nikaifungia hifadhidata kwenye CPU 0 hadi 15. Chelezo, ambayo inabana na kusimba data na hivyo inakula CPU kama mchwa, nikaipeleka mbali kabisa, CPU 32 hadi 47. Mbali, kwa akili yangu. Msimamizi wa hifadhidata akaja asubuhi: "Kaka, umefanya nini? Usiku imekuwa nzito kuliko kabla hujatusaidia." Nikabisha. Nikamwonyesha namba. 0 hadi 15 huku, 32 hadi 47 kule, kuna CPU 16 nzima katikati!

Akaniambia nisome faili moja. Nikaandika:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/topology/thread_siblings_list

Ikajibu: 0,32.

Linux kwenye mashine ile ilihesabu kwanza uzi mmoja wa kila kiini, 0 hadi 31, ikamaliza soketi zote mbili, kisha ikarudi mwanzo kuhesabu mapacha, 32 hadi 63. CPU 32 ilikuwa kiini kilekile cha CPU 0. Sikuitenganisha chelezo na hifadhidata; niliziozesha, kiini kwa kiini, kumi na sita kwa kumi na sita. Ningeziacha zilivyokuwa, mpangaji angezikwepesha mwenyewe. Na usikariri namba hizi ukazihamishia kwako: Windows huwapanga mapacha jirani, 0 na 1, 2 na 3, na hata Linux hufuata mpangilio ambao BIOS, programu inayoamsha mashine, imeutoa. Soma lile faili kila mara. Wanaotumia Kubernetes, mfumo wa kugawa programu kwenye seva nyingi, wana chaguo la full-pcpus-only linalogawa viini vizima, na kama programu yako inajali ucheleweshaji, liwashe.

Usalama sasa, na hapa nyota zinaanza kuanguka. Nyuzi mbili zinazoshiriki kache zinaweza kusikilizana kama wapangaji wa vyumba vyenye ukuta wa mbao. Mwaka 2005 Colin Percival alionyesha kwamba uzi mmoja, kwa kupima muda wa kache tu, unaweza kuchungulia ufunguo wa siri wa RSA unaotumiwa na OpenSSL, maktaba ya usimbaji, upande wa pili, na watu wa mfumo endeshi wa FreeBSD wakazima haipathredi kama mpangilio wa kawaida. Wengi tulipuuza. Kisha ukaja 2018. Mwezi Juni wenzao wa OpenBSD wakaizima kama mpangilio wa kawaida kwa prosesa za Intel, Agosti ikatangazwa kasoro ya L1TF inayovujisha data kutoka kwenye kache, Mei 2019 zikafuata za MDS, na kwa hizo mbili viraka peke yake havikutosha pale ambapo wasioaminiana wanaishi kwenye kiini kimoja. Mashine pepe (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya seva) ya mteja mmoja iliweza kuchungulia ya mteja mwingine.

Nilichofanya wakati huo kilikuwa kubadili faili moja, /sys/devices/system/cpu/smt/control, kutoka on kwenda off, kwenye seva zote zinazobeba mashine pepe za watu tofauti. CPU 64 zikawa 32 papo hapo bila kuzima mashine, na mimi nikakaa nikitazama grafu ikiruka kutoka arobaini na kitu hadi sabini na kitu. Hakuna kazi iliyoongezeka. Kipimo tu ndicho kilichoanza kusema kweli. Ajabu ni kwamba tukio hilo la hofu ndilo lililonifanya nielewe usiku wa 52 ambao nilikuwa nimeuacha kama fumbo.

Siku hizi kuna njia ya katikati. Kaneli ya Linux 5.14 ya mwaka 2021 ilileta upangaji wa kazi kwa kiini: unazipa alama kazi zinazoaminiana, na mpangaji haruhusu zenye alama tofauti kukaa kiini kimoja kwa wakati mmoja. Asiye na mwenzake wa kuaminika anakaa peke yake, pacha analazimishwa kulala. Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows Server 2019, inafanya hivyo bila kuombwa. Gharama ipo, ila ni ndogo kuliko kuzima kabisa pale mashine pepe zikiwa na CPU nyingi kila moja. Nimeitumia, naipenda, sina mengi ya kusema.

Nisisahau 2017, ingawa ni kisa kifupi. Prosesa za Skylake na Kaby Lake zilikuwa na kasoro iliyojitokeza tu haipathredi ikiwa imewashwa, kwenye vitanzi vifupi vinavyotumia rejista nusu kama AH na BH. Watu wa lugha ya OCaml ndio walioinusa, baada ya programu zao kuanguka ovyo bila sababu. Debian wakatoa onyo: sasisha maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) au zima haipathredi. Tangu siku hiyo sasisho la maikrokodi kwangu ni jambo la kwanza, kabla hata ya kuweka mtandao.

Kama hununui chuma bali unakodi kwenye wingu, hesabu ni ileile ila imefichwa zaidi. Kwenye EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, vCPU moja (CPU unayokodi) ya mashine za Intel ni uzi mmoja. vCPU 8 ni viini 4. Kwenye mashine zao za Graviton vCPU moja ni kiini kizima, kwa kuwa prosesa hizo hazina haipathredi kabisa. Mtu akilinganisha 8 na 8 kwa kutazama bei tu, analinganisha mlima na kichuguu. Na kipimo chako cha asilimia ndani ya mashine pepe kinaweza kukudanganya mara mbili, maana huenda huoni pacha wako anafanya nini.

Intel wenyewe wameanza kusita. Lunar Lake na Arrow Lake za 2024 zimetoka bila haipathredi, na Xeon 6 zenye viini vidogo zina uzi mmoja kwa kiini. Lakini Xeon 6 za viini vikubwa bado zinayo, na AMD hawajaiondoa kwenye EPYC, prosesa zao za seva, zile za kawaida.

Alama zangu, kwa kuwa tathmini bila alama watu huiona ni porojo: 4 kati ya 5 kwa seva za wavuti na hifadhidata zenye maswali mengi mafupi. 2 kwa mashine za hesabu, na hizo 2 ni kwa sababu kuizima ni kuandika nosmt kwenye mstari wa kuwasha, basi. Kwa seva zinazobeba mashine pepe za watu baki, 3 ukiwa na upangaji wa kiini, 0 ukiwa huna. Kwa jinsi mifumo endeshi inavyoripoti asilimia, sitoi alama.

Kwenye seva za wavuti nimeiacha imewashwa. Kengele ya CPU, ambayo ilikuwa 85 tangu enzi za niliyempokea kijiti, niliishusha hadi 55, na kwenye ubao wa zamu nikabandika ile hesabu ya 32 kati ya 40 kwa kalamu nene. Juzi kijana alinipigia tena, saa tisa usiku.

"Mkuu, iko 58. Majibu bado ni mazuri, lakini imepita mstari. Niongeze seva?"

Nikamwambia aongeze, nikarudi kulala.